Sikukuu ya Shukrani ughaibuni: mwongozo kamili kwa nyumba yenye meza moja na imani mbili

Alhamisi ya nne ya Novemba ofisi na shule za Marekani hufungwa, na familia nyingi za Kitanzania, Kikenya na Kikongo zinazoishi huko hujikuta na siku nzima ya mapumziko isiyo na mpango. Wengine hulala. Wengine hupika pilau la kila wiki, wakawasha televisheni, na ikifika usiku watoto wanauliza kwa nini kwao hakuna Thanksgiving kama kwa wenzao wa darasani. Mwongozo huu ni wa yule aliyeamua kwamba mwaka huu atawakusanya watu nyumbani kwake: ndugu, majirani, labda mwanafunzi mmoja wawili ambao mabweni yao yamefungwa. Kwa walioko Kanada, siku yao ni Jumatatu ya pili ya Oktoba. Mapishi na taratibu za mezani ni zile zile.

Nitangulize msimamo wangu. Bata mzinga, nyama kuu ya siku hii, akikauka watu watasamehe. Lakini shukrani ukiiacha ijitokeze yenyewe, haitajitokeza. Itamezwa na sahani, simu na mpira. Kwa hiyo ipangie saa yake na mtu wa kuisimamia, kama unavyoipangia nyama.

Kwanza, ijueni siku yenyewe

Watoto wataleta hadithi kutoka shuleni, mara nyingi ikiwa imelainishwa. Mzazi awe na maelezo yake.

Mwaka 1621, huko Plymouth, katika jimbo linaloitwa leo Massachusetts, walikuwapo Waingereza wapatao 50. Walikuwa wamefika mwaka uliotangulia wakiwa karibu mia moja, na nusu yao walikufa majira ya baridi ya kwanza. Mahindi waliyovuna walifundishwa kuyapanda na Tisquantum, mwenyeji wa hapo. Kiongozi wa Wawampanoag, wenyeji wa eneo hilo, Massasoit, akaja na watu wake wapatao 90, wakaleta kulungu watano, na karamu ikaenda siku tatu. Barua ya Edward Winslow, aliyekuwapo, inataja ndege waliowindwa bila kumtaja bata mzinga kwa jina. Miaka zaidi ya 50 baadaye, mwaka 1675, vita vilizuka kati ya walowezi na Metacom, mwana wa Massasoit, na Wawampanoag wakapoteza watu na ardhi kwa kiasi cha kutisha. Ndiyo maana tangu 1970 baadhi ya wenyeji hukusanyika Plymouth siku hiyo hiyo na kuifanya siku ya maombolezo. Mwambie mtoto yote mawili. Anaelewa, watoto wa Bukavu na Uvira waliopitia kambi za wakimbizi wanaelewa kuliko walimu wao.

Sikukuu ya taifa zima ilikuja baadaye. Mhariri mmoja, Sarah Josepha Hale, aliandika barua miaka mingi akiiomba serikali siku moja ya shukrani kwa nchi yote. Rais Abraham Lincoln alikubali mwaka 1863, na tazama mwaka wenyewe: Wamarekani walikuwa wakiuana wao kwa wao, na mapigano ya Gettysburg yalikuwa yamepita miezi mitatu tu. Tangazo lake liliwataja kabisa wajane, yatima na waombolezaji. Alhamisi ya nne iliwekwa kisheria mwaka 1941.

Hilo la 1863 ndilo ningetaka mwenyeji alishike, kwa sababu mezani kwako hatakosekana mtu ambaye mwaka wake umekuwa mbaya: amefiwa na hakuweza kusafiri kwenda kuzika, makaratasi yake ya uhamiaji hayajatoka, amepunguzwa kazi. Asihisi kwamba amekuja kwenye sherehe ya waliofanikiwa. Siku hii ilitangazwa kwa watu waliokuwa matangani.

Wiki tatu kabla: watu, saa na simu

Anza na orodha ya watu, na mbele ya kila jina andika zamu yake ya kazi. Wengi wetu tunafanya kazi za kuhudumia wazee na wagonjwa, na wazee hawana likizo. Sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri binafsi kulipa zaidi kwa siku ya sikukuu. Wengine hulipa, wengine hawalipi, na anayelipwa zaidi hataiacha zamu ile kwa sababu ya pilau lako. Usimlaumu. Kama nusu ya familia iko kazini Alhamisi, fanyeni Ijumaa au Jumamosi. Hakuna askari wa kukagua tarehe.

Mkibaki na Alhamisi, mlo wa saa tisa alasiri unafaa nyumba nyingi. Jua la Novemba huzama mapema. Minneapolis linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Waislamu watapenda kuswali Alasiri kabla ya kukaa mezani na Magharibi kabla ya vitamu, hivyo angalia ratiba ya msikiti wa mji wako, tenga chumba na uwaoneshe kibla mapema. Kwenye mwaliko andika 3:00 PM kwa tarakimu. Watoto waliozaliwa huku wakisoma "saa tisa" watakuja asubuhi, au watawaambia marafiki zao waje asubuhi. Na kama umealika Wamarekani, saa tisa ni saa tisa. Hawajui habari za kungoja wageni hadi magharibi.

Simu ya nyumbani ipigwe asubuhi, si baada ya kula. Mwishoni mwa Novemba saa za New York ziko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa nane, za Houston na Des Moines kwa tisa, za California kwa kumi na moja. Goma na Lubumbashi punguza saa moja. Ukipiga saa tatu asubuhi ukiwa New York, kwa bibi ni saa kumi na moja jioni, ndiyo kwanza anatoa kiti nje. Ukisubiri mpaka mmemaliza kula atakuwa amelala. Kuna sababu nyingine ya kupiga mapema: meza bado tupu. Kuzungusha kamera juu ya sahani kumi na mbili mbele ya ndugu ambaye hajui kesho atakula nini, mimi naona si ustaarabu. Mzungushieni nyuso za wajukuu.

Gawa kazi, na usimwachie mtu mmoja jikoni

Tatizo la karamu zetu linajulikana: wanawake watatu wanashinda jikoni tangu alfajiri, wanaume wako sebuleni, na saa ya kushukuru ikifika waliopaswa kushukuriwa kuliko wote wanaosha masufuria. Kila nyumba inayokuja ije na chombo kimoja kilichoiva. Kijana wa kiume mkubwa apewe bata mzinga kuanzia friza mpaka mezani. Ni kazi ya kufuata kanuni, haihitaji mkono wa bibi. Vyombo vioshwe na ambao hawakupika. Liseme hilo kwenye mwaliko wenyewe, kwa utani ukipenda, ila liseme.

Kuhusu vyakula, usijilazimishe kuiga meza ya televisheni. Mahindi, maharage na maboga, mazao makuu ya mashamba ya Wawampanoag, yote matatu yalitoka bara la Amerika yakafika kwetu kwa merikebu. Kwa hiyo sufuria ya makande, au githeri kwa Mkenya, ina haki zaidi ya kukaa kwenye meza hii kuliko viazi vya kupondwa, ambavyo mwaka 1621 havikuwapo. Badala ya pai ya boga, pika boga la nazi kwa sukari na iliki, lipoe, ligawe kwenye vibakuli. Mkongo alete sombe (kisamvu), Mtanzania pilau na kachumbari, Mkenya chapati. Mkipenda kitu kimoja cha wenyeji, chukueni kranberi, vile vitunda vyekundu vichachu: paketi moja, kikombe cha maji, kikombe cha sukari, chemsha mpaka zipasuke. Utapata kitu chachu-kitamu kinachokaa kando ya nyama kama chatne ya ukwaju.

Kama kuna Mwislamu hata mmoja anayekuja, nyumba nzima iwe halali siku hiyo. Ni rahisi kuliko kuweka sahani mbili na kuchunga vijiko, na Mkristo hapungukiwi kitu. Bata mzinga wa halali aagizwe kwenye bucha la halali mwanzoni mwa Novemba; wiki ya sikukuu yenyewe utaambiwa wameisha. Na ninyi mnaoalikwa kwa Wamarekani, ulizeni bila aibu: maharage mabichi mara nyingi huwekwa nyama ya nguruwe, mboga za majani huchemshwa na mfupa wa nguruwe, na zile pamba nyeupe tamu (marshmallow) juu ya viazi vitamu hutengenezwa kwa jelatini ambayo mara nyingi hutoka kwa nguruwe.

Wako Waislamu wasioiadhimisha siku hii kabisa, kwa kuwa wanazuoni wametofautiana: kuna wanaoiona desturi ya nchi tu, na kuna wanaojiepusha nayo. Mwalike kwa chakula cha familia, akija karibu, asipokuja mpelekee.

Bata mzinga, hatua kwa hatua

Uzito: paundi moja kwa kila mtu inatosha palipo na pilau, na inabaki. Tuseme watu 14, ndege wa paundi 14, yaani kilo sita na ushei.

Kuyeyusha ndiko kunakowaponza wengi. Ndani ya friji anahitaji siku nzima kwa kila paundi nne au tano, kwa hiyo wa paundi 14 atoke kwenye friza Jumapili asubuhi, awekwe kwenye trei yenye kingo, rafu ya chini kabisa, ili maji yake yasichuruzikie mboga. Usimwache juu ya meza ya jiko usiku kucha. Nje analainika wakati ndani bado barafu, na vijidudu vinafanya karamu yao kabla yenu. Ukijikuta Alhamisi alfajiri bado ni jiwe, mzamishe na mfuko wake kwenye sinki la maji baridi, badilisha maji kila nusu saa, na hesabu nusu saa kwa kila paundi. Paundi 14 ni saa saba, kwa hiyo mlo umehamia jioni.

Kumwosha kwa ndimu na chumvi, kama tulivyozoea kwa kuku, wataalamu wa chakula wa serikali ya huko wanakataza: maji yanarusha vijidudu kwenye sinki na kachumbari iliyo karibu, na joto la oveni litaviua hata hivyo. Najua mama wengi hawatakubali. Basi walau kachumbari ikatwe baadaye, sinki likishasafishwa kwa sabuni.

Jumatano usiku ingiza mkono ndani yake, tumboni na upande wa shingo. Utakuta shingo na kifuko cha maini na firigisi. Toa vyote, wapishi wageni huvisahau na kuvioka pamoja na karatasi yake. Shingo na firigisi zitachemshwa kwa kitunguu ziwe supu ya kutengenezea mchuzi. Kisha soma lebo. Ikiwa imeandikwa kwamba ameongezwa maji ya chumvi, usimwekee chumvi zaidi. Kama hakuongezwa, mpake chumvi mwili mzima. Twanga kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba na pilipili manga, changanya na siagi laini. Pitisha vidole kati ya ngozi na nyama ya kifua, taratibu isichanike, usambaze mchanganyiko humo ndani. Viungo vikikaa juu ya ngozi tu vitaungua na nyama itabaki haina habari. Mrudishe kwenye friji bila kumfunika. Ngozi ikikauka itakuwa ya kumumunyika.

Alhamisi, oveni iwe nyuzi 325 za Fahrenheit, ndani yake usijaze mkate wala wali. Wa paundi 12 hadi 14 huchukua saa tatu hadi tatu na dakika 45. Kwa mlo wa saa tisa, aingie saa nne na nusu asubuhi. Kifua kikishageuka rangi ya kahawia kifunike kwa foili. Usiamini macho wala kile kijiti cha plastiki kilichochomekwa kifuani mwa ndege, kinachochomoza chenyewe, nunua kipimajoto. Kichome kwenye paja sehemu ya ndani, kwenye kifua palipo nene na kwenye maungio ya bawa, kisiguse mfupa. Kote kusome nyuzi 165, ambazo ni 74 za Selsiasi. Akitoka apumzike dakika 20 hadi 30 kabla ya kisu. Ukimkata mara moja maji yote yatabaki kwenye ubao.

Kukata: vuta mguu nje mpaka uone ungio, pitisha kisu hapo, si kwenye mfupa. Kifua kitoe kizima, upande mmoja baada ya mwingine, ukifuata mfupa wa katikati, halafu ukilaze na kukikata vipande vya kukingama. Kila kipande kinabaki na ngozi yake, na watoto hawagombani.

Kumkaanga mzima kwenye mafuta kuachwe kwa wenye vifaa na ua mpana. Sikukuu hii huongoza kwa moto wa majikoni Marekani, na ndege mwenye barafu akitumbukizwa kwenye mafuta ya moto, mafuta hufurika hadi kwenye mwako.

Saa ya shukrani

Sala ya kabla ya kula iwe fupi, nyama isipoe. Kwenye nyumba ya imani mbili, zungumzeni siku moja kabla: mmoja wa kila upande aombe kwa maneno yake, dakika moja kila mmoja, bila kuhubiriana. Akitaka andiko, Mkristo anayo Zaburi ya 103, "wala usizisahau fadhili zake zote", na Mwislamu anayo aya ya 7 ya Sura Ibrahim, "Mkishukuru nitakuzidishieni". Wote wataitikia amina.

Shukrani za mmoja mmoja zije baada ya sahani kuondolewa na kabla ya boga la nazi. Televisheni izimwe, timu ya Detroit ilianza kucheza mpira wa Kimarekani siku hii mwaka 1934, na mwakani itacheza tena. Masharti ni haya: kila mtu amtaje mtu mmoja aliyepo, na jambo moja alilomtendea mwaka huu. Hadithi ya Mtume inasema hamshukuru Mungu asiyewashukuru watu, na katika Injili ya Luka, kati ya wakoma kumi waliotakaswa, alirudi mmoja. "Namshukuru Mungu kwa yote" ni kweli, lakini hapa haitoshi, maana kwa neno hilo mtu anaweza kukaa mezani na mkewe miaka ishirini asimshukuru hata mara moja. Tofauti yake utaisikia kijana akisema: "Mama mdogo, nakushukuru kwa zile alfajiri za Februari ulizonipeleka kazini kabla sijapata leseni, ukirudi kulala nusu saa tu kisha unaenda zamu yako." Meza yote itamgeukia mama mdogo, naye atasema "aah, mambo gani hayo" huku akikunja kitambaa.

Waanze watoto. Mzee afunge. Ukimpa mzee kufungua itakuwa hotuba ya nusu saa, na hakuna atakayethubutu kumkatiza. Akifunga, atakuwa amesikia wengine na mara nyingi anasema machache na mazito. Ila mjulishe siku moja kabla kwamba naye atamshukuru mtu kwa jina. Wazee wetu hawakulelewa kumshukuru mtoto hadharani, wanahitaji kujiandaa.

Mambo matatu ya kuchunga. La kwanza, siri: usimshukuru mtu kwa mkopo, kwa msaada wa hospitali au wa makaratasi mbele ya watu kabla hajakubali. La pili, mafumbo: "Namshukuru mwanangu, siku hizi amekumbuka namba yangu" ni mipasho, ipelekwe kwenye taarab. La tatu, aliye na msiba aruhusiwe kusema "mimi nipo" tu, na zamu ipite. Mkiona anataka, mtajeni marehemu kwa jina. Waislamu wamsomee Fatiha, Wakristo waombe kwa desturi yao, kisha mwendelee. Mgeni Mmarekani naye apewe nafasi, na mtoto mmoja amtafsirie bibi.

Kabla hamjatawanyika

Nyama isikae mezani zaidi ya saa mbili. Ichambueni kutoka mifupani, igawanywe kwenye vyombo vifupi, iingie friji, iliwe ndani ya siku tatu au nne, na ikipashwa ifike tena nyuzi 165. Mifupa iingie sufuria kubwa na tangawizi usiku huo huo. Ijumaa mtakuwa na supu, na biriani ya bata mzinga inafaa baada ya swala ya Ijumaa, wakati wengine wanapigana vikumbo madukani.

Vyombo vya kwanza kufungwa viwe vya walio zamuni. Andika jina juu ya kila kimoja, mteue dereva, na apeleke kabla ya saa zao za mapumziko. Wao pia walikuwa na zamu ya kushukuru: wapigieni kwa spika wakiwa wanakula, waseme jina la mtu na jambo lake kama wengine. Na kabla ya mgeni wa kwanza kuvaa koti, ulizeni mwakani ni kwa nani, ili ajue mapema wa kuagiza ndege.